Naam ya Mtu Mwingine

Mwanangu, jana ulipokuja kunambia umepewa darasa la watoto tisini na unataka kuacha kazi, nilikwambia urudi leo. Nilichoka tu, na nilikuwa nakumbuka siku moja ambayo ningependa sana kuisahau.

Nilikuwa na umri wako, nasomesha Kiingereza katika skuli moja ya Mtoni, sauti ninayo, miguu ninayo. Watoto walibanana watatu watatu kwenye dawati la watu wawili, na wa nyuma kabisa walikaa sakafuni. Nikiuliza, "Mmefahamu?" darasa zima linaitikia, "Tumefahamu!" mpaka walimu wa jirani wanafunga madirisha. Nikijiona bingwa. Nani kafahamu na nani kapiga kelele tu, hilo sikujiuliza.

Kulikuwa na msichana akiitwa Siti, kwao Fumba, anakaa kwa shangazi yake ili asome. Nilimsimamisha asome kitabuni. Neno la Kiingereza la meli likamtoka kama la kondoo. Darasa likaangua kicheko, nami, Mungu anisamehe, nikacheka nao. Siku zilizofuata watoto wakawa wanamwambia "mee" kila akipita. Sikuwakataza. Nilidhani darasa limechangamka.

Baada ya mwezi hivi, mwalimu wetu mkuu, Bi Rukia, mama mkali asiyepandisha sauti, alikuja kukaa nyuma ya darasa langu. Nikaita majina, macho kwenye daftari kama kawaida yangu. Kila jina likaitikiwa, "Naam." Kipindi kilipokwisha akanambia, "Huyo Siti nioneshe."

Nikatazama. Nikatazama tena, safu kwa safu.

"Aliyeitika ni yule wa dirishani," alisema Bi Rukia, "na kwa jina lake mwenyewe pia kaitika. Kwani wewe, mwanangu, unasomesha watoto au unasomesha daftari?"

Yule wa dirishani alikuwa Mwanaidi, rafiki yake Siti. Alilia sana. Kumbe Siti alirudi kwao siku chache tu baada ya vicheko vile, na kila asubuhi mwenzake akimwitikia ili jina lisikatwe. "Nlijua atarudi, mwalimu," alisema.

Nilikwenda Fumba siku ile ile. Nilimkuta Siti uani, amenipa mgongo, anaparua magamba ya samaki. Nikaita jina lake.

"Naam."

Sauti nzito kidogo, ya kukwaruza. Hapo ndipo nilipoona haya hasa, maana sauti ile sikuijua. Karibu mwezi mzima nilisikia ya mwenzake na sikuona tofauti.

Nilimtaka radhi, nikamwomba arudi. Alinikaribisha vizuri, akanitilia chai. "Nshazoea huku, mwalimu," alisema. "Kule hata nsipokuwepo, darasa linakwenda."

Nikarudi peke yangu.

Basi usiache kazi, mwanangu, lakini usisomeshe kama mimi. Tisini huwawezi kwa koo. Langu lilikwisha mapema, si unanisikia ninavyokwaruza. Wapange wawili wawili, wasemeshane wenyewe hicho Kiingereza, nawe upite katikati yao usikilize. Hutawafikia wote kwa siku moja, na usijilaumu kwa hilo. Leo safu hii, kesho ile. Mtoto akikosea na kicheko kikaanza, kizime kabla hakijafika nyuma. Na unapoita majina, inua macho. Naam isikutoshe mpaka umwone aliyeitoa. Haya nimewaambia vijana wengi wakaniona bibi wa zamani, nami nimechoka kuyarudia, lakini kwako nimeyarudia.

Mwenyezi Mungu akupe koo zima na magoti mazima, akupe subira pale usingizi utakapokuwa mtamu kuliko kazi. Na kila asubuhi utakayoita majina, kila mtoto aitike mwenyewe. Amin.