Rubani Aliyechelewa Umande

Serikali ilipofungua biashara huria, Newala tulipata kibanda cha video, na miguu ikaanza kuniwasha kwa hamu ya safari. Filamu niliyoipenda ilikuwa na ndege iliyopita juu ya mashamba ikimwaga moshi. Nikamleta baba aione, aelewe kwa nini nataka kuondoka.

Ndege ilipopita tu, akasimama. "Nani anapuliza salfa jua la utosi? Itashikaje kwenye majani bila umande?"

Kibanda kizima, wenye mikorosho wote wanaopuliza unga huo wa dawa alfajiri, wakamuunga mkono. Sikusikia tena neno la rubani. Nilitoka kwa hasira.

Siku hizi napanda ndege kikazi. Ikipaa jua likiwa kali, nageukia dirishani na kujikuta nanung'unika: umande umeshakauka, huyu amechelewa.