Kitambaa cha Juu ya Kompyuta

Kila nikifungua kompyuta ya mtu, harufu ya vumbi lililopata moto inanirudisha sebuleni kwetu Mpanda.

Baba alinunua kompyuta iliyotumika. Umeme ukija jioni iliwaka dakika chache, halafu ikazima. Aliifungua, akaipuliza vumbi, akalehemu waya, kisha akasimama mbele yake kama wale wa filamu za karate wanavyompima adui.

"Ikizima tena naiuza," alisema.

Mama alikuwa ameifumia kitambaa cheupe chenye maua, kama cha redio na cha deki ya video. Baba akimaliza kuifunga, mama alikitandaza juu, ncha zikaning'inia hadi nyuma. Jioni moja, kompyuta ikiwa inawaka, nilikigusa.

"Baba, mbona kitambaa kina moto?"

Akapapasa nyuma, kwenye matundu ya kutolea joto. Yote yalikuwa yamefunikwa. Akatazama jikoni alikokuwa mama.

"Mama yako usimwambie."

Tangu hapo, kabla ya kuwasha, alikikunja akakiweka mapajani. Mama akiuliza, alisema anaogopa kukichafua. Akizima, alisubiri ipoe, ndipo akakitandaza tena.

Kitambaa hicho ninacho mimi sasa. Kabla sijawasha kompyuta yangu, nakiweka mapajani.