Mgeni Niliyemkaribisha Garini

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Guangzhou, na mkono wangu wa kulia ni shahidi mpaka leo. Anayetaka kucheka na acheke. Hata Salim alicheka mwanzo.

Mimi shule niliishia darasa la pili, kwetu Pangani, lakini majina Mungu kanijalia. Mtu akishanitajia jina lake, basi, limeingia na halitoki. Mkunga aliyenizalisha Zuhura ni Bi Mwanakombo binti Haji. Mkongo anayeuza magodoro chini ya jengo letu ni Papa Odilon. Msichana wa Kichina anayefagia lifti ni Lin, na mama yake ni Meihua. Wote ninao. Yupo mmoja tu ambaye sikumuuliza jina, na huyo ndiye ninayetaka kuwaambieni habari zake.

Zuhura ni mwanangu, Salim ni mumewe. Wana ofisi ya kusafirisha mizigo pale kwenye jengo la Tianxiu, wanawajazia watu makontena na kuyapeleka bandarini Huangpu. Mimi niliitwa kuja kulea mjukuu, Nasra, bado ananyonya. Nilipofika nikamkuta Salim ana wazo jipya: anataka kwenda kufungua biashara ya kahawa Harbin, kaskazini kabisa, ambako mto unaganda watu wakapita juu yake kwa miguu. Akaniambia, "Mama, kwenye baridi ile kahawa itajiuza yenyewe." Kwa kuanzia wakanunua gari jipya la umeme, dogo, jeupe kama yai. Harufu ya plastiki ilikuwa haijaisha bado.

Siku moja mvua ilikuwa inapiga, mvua ya huku, haina upepo, inamwagika tu kama mtu kageuza ndoo. Zuhura aliegesha karibu na Tianxiu akapanda juu kuchukua karatasi za mzigo. Mimi nimekaa kiti cha mbele kwa ajili ya magoti yangu, Nasra nyuma kwenye kiti chake cha mtoto. Mara nikamwona mwanamke amesimama nje ya kioo cha mlango. Kavaa koti zito jeusi, lenye manyoya shingoni. Joto la Guangzhou mnalijua? Hata kanga ni nzito! Na yeye kasimama na koti lile, anatazama ndani ya gari kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kuishi.

Sasa niambieni, mtu wa pwani akimwona mwenzake kwenye mvua anasema nini? Nilisema neno lile lile ninalolisema tangu nijue kusema. Nikamfungulia mlango wa nyuma kwa kile kidude cha mbele, nikamwambia, "Karibu, mwanangu. Karibu, ingia, mvua itakuumiza." Akaingia. Akakaa kando ya Nasra. Nikamnyooshea kopo la visheti, akavitazama tu. Nikamsemesha mawili matatu ya Kiswahili, ndiyo lugha niliyo nayo.

Zuhura aliporudi nikageuka nimwonyeshe mgeni. Hakuna mtu. Mlango haukufunguliwa, wallahi sikuusikia. Kile kiti kilikuwa kikavu, na nilipokigusa kilikuwa baridi kama ndani ya friji.

"Umesinzia, mama," Zuhura akasema.

Akawasha gari. Ikaanza kengele. Ile kengele ya mkanda, ting, ting, ting, ya kumwambia dereva kuna mtu nyuma hajajifunga. Na nyuma hakukuwa na mtu ila Nasra, na wa Nasra umefungwa.

Tangu siku hiyo gari likawa bovu. Kengele hainyamazi. Kipoza hewa kimezimwa lakini ubaridi unatoka. Milango inajifunga yenyewe, mpaka uibembeleze ndiyo ifunguke. Mimi nikafanya tunavyofanya kwetu kwa chombo kipya, nikakifukiza ubani, nikasoma nilichojaliwa. Basi walipolipeleka kwa muuzaji, laoban Chen, laoban ndiyo bosi kwa Kichina, akaona majivu kwenye kapeti, akapiga kelele kwamba tumeunguza sensa, kile kidude cha kitini kinachohisi kuwa mtu amekaa.

Salim akanigeukia, anajizuia kucheka. "Mama, dhamana yetu umeichoma kwa ubani!"

"Bora nichome dhamana kuliko kuchomwa na kitu kisichoonekana," nikamwambia.

Zuhura naye akadakia, "Mama, Wachina hawana mashetani. Wana sensa."

Haya. Fundi wa pale, kijana mpole jina lake Xiao Wu, akabadilisha hiyo sensa, akabadilisha na kiti kizima. Kengele ikaendelea. Laoban Chen mwenyewe alilizungusha gari mtaani, akarudi kajikunyata, na tangu hapo hakuutaja ubani tena. Akasema atawabadilishia. Lipo gari kubwa, refu, linavuta kwa magurudumu yote manne, limetengenezwa kwa ajili ya huko kaskazini: matairi ya theluji, viti vinavyopata moto ukibonyeza. Salim akafurahi sana. Lilikuwa ndilo hasa analolihitaji kwa safari ya Harbin, na safari yenyewe wamepanga kwenda wote, na mtoto.

Siku ya kubadilishana tuliteremka kwenye maegesho ya chini ya duka. Lile kubwa lilikuwa mbele yetu, linang'aa. Nasra kasinzia, kwa hiyo wenyewe wakapanda ofisini kutia saini, wakaniacha naye ndani ya lile dogo, milango wazi.

Walipotokomea tu kwenye ngazi, milango ikajibamiza. Kla! Yote kwa pamoja.

Nikavuta komeo, haliendi. Nikabonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Nikachukua simu, chini kule haishiki mtandao. Nikamwona Xiao Wu anapita na ndoo, nikagonga kioo kwa ngumi zote mbili, nikaita, "Xiao Wu! Xiao Wu!" Aligeuka, akatazama gari moja kwa moja, akaendelea na njia yake kama aliyetazama ukuta. Mmewahi kutazamwa hivyo? Nilijiona nimeshakufa.

Ubaridi ukaingia. Pumzi yangu ikawa moshi. Nikainua macho kwenye kioo cha dereva cha kutazamia nyuma, na nikamwona. Yuko pale pale nilipomkaribisha, koti lake na manyoya yake, na mkono wake umelishika blanketi la Nasra. Analivuta. Taratibu, kama anayevutia shuka kwake usingizini. Na mtoto midomo imeanza kugeuka rangi.

Magoti yangu hayaniruhusu kupita katikati ya viti. Nilipitisha mkono tu, nikaushika upande wa pili wa blanketi. Tukavutana. Naapa, ana nguvu.

"Leng," akasema. Neno hilo nalijua, Lin wa lifti hulisema mwezi wa kwanza: baridi. Kisha akasema, "Hui jia." Hilo nalo nalijua. Wasichana wa madukani hulisema wote ukikaribia mwaka mpya wao, wamebeba masanduku: kurudi nyumbani.

Ndipo nilipoelewa, jamani. Kwetu mgeni haondoki bila kuagwa. Mwenyeji ndiye anayemtoa, anamsindikiza mpaka nje, anampa chochote mkononi. Huyu nilimwambia karibu, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia kwaheri. Tulimfukizia moshi tu. Alikuwa amefungiwa mle kama nilivyofungiwa mimi.

Nikaliachia blanketi. Nikavua kanga ya mabegani, ya harusi ya Zuhura hiyo, nikamnyooshea. "Mwanangu, mimi ndiye niliyekukaribisha, na mimi ndiye ninayekuaga. Mwache mtoto. Jifunike hii. Gari lile kubwa linakwenda kwenye theluji. Panda lile, utafikishwa kwenu."

Akaachia blanketi. Akaichukua kanga. Kisha akanipa mkono. Ningefanyaje? Nikaupokea.

Milango ikafunguka. Nikasikia mlango wa nyuma wa lile kubwa unafunguka na kufungwa, polepole, kama unavyofungwa na mtu mwenye adabu.

Waliporudi nikawaambia Nasra hapandi gari lile. Zuhura akaja juu: "Mama! Tumehangaika kupata gari zima, sasa hutaki mtoto alipande?" Nikamwambia, tukatie tiketi ya ndege mimi na mwanao, au upite juu ya maiti yangu. Aliniona uso, akamtoa Nasra kwenye kiti chake. Salim nikamvuta pembeni. Nikamwambia nani atakuwa nyuma yake. Akacheka. Nikamshika mkono, kwa mkono wangu ule, akaacha kucheka. Nikamwagiza: kengele ikilia, mfunge mkanda. Usimsemeshe. Ukifika kwenye theluji, mfungulie mlango, umwambie kwaheri.

Salim alikwenda Harbin peke yake, sisi tukabaki, siku kadhaa barabarani, nami kila siku nimekaa na simu kifuani. Alipopiga, sauti yake haikuwa ile ninayoijua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umefika?"

"Nimefika." Akashusha sauti. "Kengele ililia tangu nilipotoka Guangzhou. Nikafunga ule mkanda kwenye kiti kitupu, ikanyamaza. Asubuhi hii nimeingia, theluji inaanguka. Nikafungua mlango kama ulivyosema. Mama, mkanda ulijifungua wenyewe. Na kwenye theluji kuna nyayo zinazotoka mlangoni kwenda zake. Za kuja hazipo."

"Umemwambia kwaheri?"

"Nimemwambia."

Gari lile halijawahi kuharibika hata siku moja. Huko Harbin linawaka kwenye baridi ambayo magari mengine yanagoma, likirudi huku Nasra hubebwa ndani yake salama, na kengele haijalia tena. Lakini mkono wangu huu wa kulia haujapata joto tangu siku ile. Nauweka juani, naushikisha kikombe cha chai, wapi. Nasra nikimshika huo analia, basi nambeba kwa wa kushoto.

Na lile neno la karibu sasa linanikwama. Mtu akibisha hodi namwuliza jina kwanza, nikiwa nyuma ya mlango, mpaka majirani wanasema bibi wa Tanga kaishiwa na ukarimu. Waache waseme. Nanyi mnaokaribisha watu ovyo kama nilivyokuwa mimi, ulizeni jina. Na kengele ya mkanda ikilia kwenye kiti kitupu, msihangaike na fundi. Fungueni mlango, mmuage mgeni wenu, kabla hajaanza kusikia baridi.