Kiraka kwenye Kapeti la Mama

Nianze na ujinga wenyewe: bati la korosho, limetoka motoni sasa hivi, nililiweka juu ya kapeti jipya la plastiki la mama. Mvua ilinikuta nakaanga uani, na kwetu Likombe nguo zinaweza kuachwa kwenye kamba zikalowa, lakini korosho haziachwi. Nikakimbia nazo sebuleni. Ningeweza kuziweka barazani, ila nilitaka pia kuona. Mwenye duka kule Mikindani alimwapia mama kwamba kapeti lile haliungui, halichaniki, litamzika hata yeye. Mimi mtu akiapa sana huwa napenda kumpima.

Lilivumilia muda wa kupiga chafya moja. Mafuta ya maganda yalikuwa bado yanachemka. Plastiki ikajikunja, ikatoa moshi wa kukaba koo, na nilipoinua bati likabaki tundu la ukubwa wa sahani, sementi inanichungulia.

Sasa, kapeti lile halikuwa pambo. Bibi, mama yake mama, alihamia kwetu kutoka kijijini upande wa Madimba baada ya kuugua, na tangu hapo mguu wa kushoto anauburuza. Sementi yetu ina nyufa na vishimo. Alishaanguka mara moja, na daktari akasema nyonga ikivunjika huenda asisimame tena. Ndipo mama akanunua kapeti, bibi apate pa kuburuza mguu bila kukwama.

Nikakata kipande kwenye masalio ya kapeti hilo yaliyokunjwa chini ya kitanda changu, nikakipachika kwa gundi, maua yakakutana na maua. Kazi safi. Mama aliporudi akauliza mbona nyumba inanuka, nikamjibu ni korosho. Hata sikudanganya sana.

Kesho yake ukingo wa kiraka ukainuka, kidogo tu, unene wa ukucha. Bibi alikuwa anatoka kutawadha, mguu ukanasa palepale. Akayumba, akadaka fremu ya mlango. Bibi huniita mume wangu, nami humtania kwamba nimeoa mwanamke asiyejua kukaanga chipsi. Siku hiyo utani ulinikauka mdomoni. Akakitazama kiraka, akanitazama mimi, akasema polepole, "Mume wangu, hapa pamekuwaje?"

Nikasema labda ni joto. Akaitikia haya, akaenda kuswali.

Tangu hapo hakupita tena katikati. Alishika ukuta, akazungukia nyuma ya makochi, ambako kapeti halikufika, kwenye sementi ileile ya nyufa. Mimi nimekaa na simu, najifanya sioni, huku kila akivuta mguu na mimi nabana pumzi. Darasani ndiye ninayewavunja watu mbavu. Siku ile rafiki zangu waliniuliza kama naumwa. Nilikuwa nawaza kwamba mtu mzima anahatarisha nyonga yake ili mimi nisichapwe.

Siku ya tatu, magharibi ikikaribia, nikamfuata mama jikoni akikuna nazi. Nikamweleza yote: bati, gundi, maua. Nikasimama mbali kidogo na mwiko. Mama hakugeuka wala mkono wake haukusimama.

"Bibi yako aliniambia asubuhi," akasema. "Akaniomba nikupe mpaka jioni uje mwenyewe. Sasa nenda kamshike mkono, anataka kutawadha."