Dawa ya Mama Mkwe Niliinywa Mimi

Nimekosa. Wacha nianzie hapo hapo, maana nikianza na sababu zangu mtanionea huruma kabla sijamaliza, na huruma yenu siitaki.

Mimi ni mfamasia. Ama nilikuwa. Nilifanya kazi kwenye dirisha la dawa la hospitali moja upande wa Homa Bay, na jina lake sitalitaja kwa sababu kosa lilikuwa langu, si lake. Watu waliniita daktari. Nikipita sokoni Oyugis, akina mama wa viazi vitamu walinisalimu daktari, daktari, na mimi kichwa kinavimba. Kumbe daktari mwenyewe hakuwa anaweza kufungua dirisha asubuhi kabla ya kuonja chupa!

Ilianza na mgongo. Nilikuwa nimebebwa na boda kule kwetu Awendo, trela ya miwa ikatubana, tukaishia mtaroni. Nikapewa vidonge vya maumivu, vile vikali. Mgongo ulipona. Mimi ndiye sikupona. Nikikosa vidonge natokwa jasho, tumbo linasokota, mtoto akiniuliza kitu namfokea. Nikimeza, kila kitu kinatulia. Mtu mwingine angeenda kuomba msaada. Mimi nilikuwa na funguo za kabati. Wanasema mganga hajigangi, lakini mimi nilijiganga kila siku, tena bila kupanga foleni.

Vidonge vikafika mahali havinitoshi. Nikahamia mofini.

Niwaeleze kidogo, ndio muelewe ubaya wangu. Mofini ya kunywa ni dawa ya watu wenye maumivu makali, wengi wao wa kansa. Kwetu ilikuja ikiwa unga. Sisi wa famasia ndio tulipima, tukachanganya na maji, tukatia rangi. Kijani ni nyepesi, nyekundu ni kali. Nesi akiona rangi anajua nguvu ya dawa, hana njia nyingine ya kujua. Anaamini rangi kwa sababu anakuamini wewe.

Mimi nilikunywa yangu, nikajazia maji, nikaongeza rangi. Chupa ikakaa kwenye rafu, nyekundu kama zingine. Hakuna mtu aliuliza.

Nilijiambia naibia hospitali tu. Uongo mtupu! Ile dawa ilikuwa ya watu waliolala vitandani vijijini, na nilijua hivyo vizuri sana. Lakini sikuwa nimewaona, na mtu ambaye hujamwona ni rahisi kumnyima.

Halafu mama wa mke wangu akaugua.

Kwetu Waluo mama mkwe tunamwita maro. Yeye aliniita ora, yaani mkwe wangu. Maro yule alikuwa Msabato wa kweli kweli, mcheshi, mkulima wa viazi, mwanamke ambaye hata chai ya majani hakunywa kwa sababu ya imani. Kansa ilimshika tumboni, na ilipofika mahali hospitali hawana la kufanya zaidi, wakamruhusu arudi nyumbani kwake, karibu na Oyugis, na chupa ya mofini kutoka dirishani kwangu.

Akakataa kuinywa! Alisema yeye hajawahi kulewa ujanani, hawezi kuanza uzeeni. Mke wangu, Atieno, akaniomba nimweleweshe. Basi nikakaa sebuleni, yeye yuko chumbani, tukaongea kupitia pazia la mlango. Nikamwambia dawa hii haimfanyi mgonjwa mlevi. Mlevi ni yule anayeitumia bila maumivu. Maro akacheka, akasema sawa, kama ni ora amesema, atakunywa.

Hayo maneno niliyasema kwa mdomo huu, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeshakunywa yangu.

Niliapa chupa zake sitazigusa. Naapa niliapa! Na kwa muda kiapo kilishika. Maro akalala, akala uji, akaanza hata kumtania Atieno kwamba ananenepa. Kisha wiki moja unga ulichelewa kufika, chupa zilizobaki zilikuwa chache, na moja ilikuwa yake. Nikasema kidogo tu. Wiki iliyofuata unga ulikuwepo wa kutosha na bado niligusa.

Maumivu yakarudi. Atieno akawa ananipigia simu kazini akisema mama hajalala. Namwambia ni ugonjwa, unaendelea. Wueh! Mtu na elimu yangu, naongopea mke wangu kwa sauti ya upole kabisa.

Na sasa sikieni vile mila ilinisaidia. Kwetu mkwe haingii chumba cha maro. Hamwoni akiwa amelala, hata akiwa mgonjwa. Ni heshima. Kwa hivyo kila Jumapili nilifika, nikaketi sebuleni na wanaume, nikauliza hali yake kwa pazia, naye akajibu kwamba anaendelea vizuri. Sikumsikia akilia hata siku moja. Nikajiambia, si unaona, hana shida sana, Atieno anazidisha mambo kwa sababu ni mama yake.

Nesi aliyekuwa akimtembelea nyumbani hakudanganyika na lile jibu la pazia. Aliona mgonjwa anateseka, akaona dawa ni nyekundu, akafikiri dozi haitoshi. Akaongeza. Haikusaidia, akaongeza tena. Yeye alifanya kazi yake sawasawa. Alikuwa anaongeza maji na hajui.

Mimi nilijua. Kulikuwa pia na hesabu nyingine, ile ambayo mfamasia yeyote angeiona: siku maro atapata chupa nzima, isiyoguswa, kwa kipimo kile kipya, itamlaza asiamke. Sikuiona. Ama niliiona nikaisukuma kando, kwa sababu chupa zilipitia kwangu na nilidhani zitapitia kwangu siku zote.

Nikaenda likizo nyumbani Awendo. Aliyebaki dirishani ni mwenzangu mdogo wangu kikazi, kijana wa Kikuria, nimwite Chacha. Chacha alipima unga vile tulivyofundishwa, akatia rangi, akampa shemeji yangu chupa ya mama yake. Dawa safi. Ya kwanza safi baada ya muda mrefu.

Simu ya Atieno ilinipata Sabato mchana, nikiwa nimekaa nje.

Aliniambia mama amelala tangu asubuhi, na sasa wakimwita haitiki. Anakoroma, anapumua kwa mbali. Nyuma yake nilisikia nyimbo. Wamama wa kanisa walikuwa wametoka ibada wakaja moja kwa moja, wamezunguka kitanda wanamwimbia, kwa sababu kila mtu aliona saa yake imefika.

Dunia nzima, mtu aliyejua kwamba saa yake haikuwa imefika alikuwa mimi peke yangu.

Jameni, nitasema sasa kitu ambacho sijawahi kukisema vizuri. Nilifikiri hivi: nikinyamaza, amekufa na kansa. Nani atauliza? Watalia, watazika, mimi nitapeleka ng'ombe wa mkwe kama mila inavyotaka, nitahutubia. Nikamwambia Atieno mtandao ni mbaya. Nikakata simu.

Nilikata! Nikakaa pale nikiangalia kuku wanachakura. Sijui ni kwa muda gani. Kilichoniinua sio wema, msinisifu. Nilikumbuka tu vile alivyocheka nyuma ya pazia akisema kama ni ora amesema.

Nikampigia Atieno. Nikamwambia msimpe tena hata tone, mkimbizeni hospitali, waambieni ni mofini imezidi, kuna sindano ya kuiondoa. Akaniuliza imezidije na ni kipimo cha nesi.

"Chacha," nikasema. "Chacha amechanganya vibaya."

Hivyo ndivyo nilivyomwokoa mama mkwe wangu, na mkono wa pili nikamtupa mtu mwingine shimoni.

Alichomwa sindano, akaamka. Chacha akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Watu wakanishukuru! Shemeji zangu walinishika mkono wakasema bila mimi mama angeenda. Atieno aliniangalia kwa macho ambayo hakuwa ameniangalia nayo tangu tuoane. Nilirudi kazini, na siku ya kwanza nikanywa mofini nyingine.

Maro aliporudishwa nyumbani, alituma niitwe. Nikafika, nikakaa sebuleni kama kawaida. Akasema kutoka ndani kwamba leo ora aingie. Dada yake akaguna, akamkumbusha kwamba haifanyiki. Maro akasema anajua haifanyiki, na ora aingie.

Nikaingia. Yawa, nilichokiona! Yule mama aliyekuwa anabeba gunia la viazi kichwani amebaki macho na mifupa. Nilitaka kuangalia chini, akanikataza. Alivuta pembe ya blanketi yake akanionyesha. Ilikuwa imetafunwa, imechanika nyuzi nyuzi, kama imeliwa na panya.

"Ukikaa pale sebuleni nilikuwa nauma hii," akasema, "mkwe wangu asisikie nikilia."

Akaiachilia ile pembe, akaendelea.

"Dawa ya yule kijana ilinilaza. Zako za mwisho hazikunilaza. Nimekunywa zote, ora, mwili ni wangu. Sasa niambie ni nani alichanganya vibaya."

Nilipiga magoti. Nikamwambia yote, hapo kando ya kitanda ambacho sikustahili hata kukiona. Hakunilaani. Afadhali angenilaani. Aliniambia yeye hatamwambia Atieno kitu, kwa sababu hilo ni langu, lakini yule kijana ana mama pia. Kisha akaniomba nitoke, amechoka.

Nikamwambia Atieno, nje, karibu na tanki la maji. Aliniuliza swali moja tu.

"Siku zile mama alikuwa halali, wewe ulikuwa unalala vizuri?"

Nikasema ndio. Kwa sababu ni kweli. Nililala vizuri kabisa, kwa usingizi wake.

Kesho yake nilienda kwa wakubwa wa hospitali nikaweka funguo mezani. Chacha alirudishwa kazini. Nilimfuata kumwomba msamaha, akaniambia amenisamehe kwa sababu ya Mungu, lakini nisimsalimie njiani. Leseni yangu ya kazi imesimamishwa. Nimepitia matibabu ya kuacha, nimeanguka katikati, nimerudi tena. Leo sijagusa. Ya kesho siwezi kuwaahidi, nimeshawahi kuapa.

Maro alikufa baadaye, kwa ugonjwa wake, akiwa na dawa kamili. Nimeambiwa alilala bila kuuma kitu. Mazishi sikuhudhuria. Shemeji zangu walisema wasimwone ng'ombe wangu pale, wala mimi. Nilisimama barabarani, mbali, nikasikia zile nyimbo kwa mara ya pili. Atieno yuko kwao na watoto. Hupokea simu zangu, lakini akishajibu salamu ananinyamazia tu mpaka nikate.

Sasa wewe ndugu yangu uliye nyuma ya dirisha la dawa, Migori, Homa Bay, popote ulipo, ninajua unanisoma na mkono mmoja uko mfukoni. Unajiambia ni kidonge tu, ni mgongo tu, utaacha mwezi ukiisha. Nenda useme leo, kwa mtu yeyote, kabla hujafika mahali ambapo kuna mgonjwa anateseka na wewe unajua kwa nini. Utapoteza kazi? Pengine. Mimi kazi nilipoteza pia, na hiyo ndiyo siililii.

Na wewe mwenye mgonjwa nyumbani, akikwambia dawa haimsaidii, usimwambie avumilie. Usimwachie pazia. Ingia, funua hilo blanketi, uangalie.