Siku Niliyojifunika Kitenge Kwenye Mtihani wa Udereva

Nawataja kwanza waliokuwepo, nisije nikaambiwa nimeongeza chumvi. Chumbani tulikuwa wawili, mimi Julitha na wifi yangu Paskazia, dada wa mume wangu, aliyekuja kunishikia simu ili isiyumbe. Chumba cha pili alikuwepo mume wangu, Ta Leonidas, kama tunavyowaita wazee kwetu, kitandani na kidonda chake cha mguu. Ndani ya simu alikuwa Mwalimu Straton wa chuo cha udereva cha Bukoba, na wanafunzi wenzangu watatu: Jovinata fundi cherehani wa Kagondo, Mzee Eustace mstaafu, na huyo wa tatu ambaye ndiye mkasa wenyewe. Aibu ya siku hiyo ni yangu, sikusingiziwa, na ninaiandika kwa mkono wangu wa darasa la nne.

Kilichomfanya bibi wa miaka sitini na sita asomee udereva ni hicho kidonda. Leonidas ana sukari, na daktari alisema mguu usafishwe Bukoba mara mbili kwa wiki bila kukosa, na sisi tuko Muleba, ndani huko, mbali na lami. Nilikuwa nampakia kwenye bodaboda mpaka barabarani, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kama gunia la kahawa, na kila tulipopita shimo nilisikia anavyouma meno. Na uani gari limesimama, gari la marehemu mwanetu Deogratias, zima kabisa, halina wa kuliendesha. Tulimwomba mkwe wetu Projestus, mume wa Konsolata, kitinda mimba wetu, kwa kuwa siku ya kujitambulisha alimwambia Leonidas kwamba yeye ni dereva wa siku nyingi, lakini kila tukimwita ana safari ya dagaa kisiwani Bumbire. Nikasema basi, nitaendesha mwenyewe. (Leonidas alicheka mpaka akakohoa. "Utatuua wote, Julitha, afadhali sukari.")

Chuo kinafundisha nadharia kwa simu, unatumiwa masomo, unasikiliza kwako, ukifaulu mtihani ndipo unaitwa kushika usukani. Nilisikiliza nikimenya ndizi, nikasikiliza nikichambua maharage, mpaka alama zote za barabarani nikawa naziota.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kuonana, sura zote pale kwenye kioo cha simu, na sharti lilikuwa moja, uso uonekane mwanzo hadi mwisho. Mwalimu akaniita mimi kwanza, nikatabasamu, nikasema nipo. Akaita Jovinata, yupo. Mzee Eustace, "Nipo, na chai nimeshakunywa."

"Projestus wa Buhembe."

"Nipo, mwalimu."

Mawe, mama yangu! Sauti ile naijua. Ni mkwe wangu. Sasa sisi tuliolelewa zamani, mama mkwe hamtazami mkwe wake usoni, naye hamtazami. Akija nyumbani nampokea nimegeukia pembeni, kahawa ya kutafuna nampelekea kwa mkono wa mtu mwingine, na mwaka wa tatu huo wa ndoa nilikuwa bado namjua kwa viatu. Kwenye simu hakuna viatu. Kuna uso tu, umekukodolea macho.

Nikajifunika kitenge. Jambo la mkono mmoja tu, wala sikulifikiria.

"Ma Julitha, toa hicho kitambaa."

"Siwezi, mwalimu."

"Kwa nini huwezi?"

Ningesema ukweli yangeishia hapo. Lakini nikisema huyo ni mkwe wangu, watu wote watajua kuwa alimdanganya baba mkwe wake, leseni hana. Nikakikaza kitenge.

"Haya. Umefika kwenye kipilefti, unampisha nani?"

"Anayetoka kulia," nikajibu ndani ya kitenge.

"Nitajuaje kwamba ni wewe uliyejibu? Na wewe Projestus, mbona unatazama ukuta? Majibu umeyabandika huko?"

Jovinata akaangua kicheko. Paskazia akaninong'oneza, "Wewe tulia, huyo anachotaka kuona ni mwanamke tu," akageuza simu, akaweka uso wake mwenyewe.

Mwalimu akasogeza uso karibu na kioo. "Mama, sasa hivi tu ulikuwa na mwanya. Umeuziba saa ngapi?"

Hapo Leonidas akaita kutoka chumba cha pili, kwa sauti yote aliyobakiwa nayo, "Julitha! Umefaulu?"

Na Projestus, kwa malezi yake mema, akasimama kule Buhembe: "Shikamoo, baba!"

"Huyo si Projestus? Anafanya nini humo? Si ana leseni?"

Mzee Eustace akasema taratibu, "Mtihani umekuwa kikao cha ukoo."

Mwalimu hakucheka. Alisema mama ameweka mtu wa kumfanyia mtihani, mwingine anaficha uso, kumbe ni ndugu, mmepangana. Tukatolewa wote wawili, turudie baada ya miezi mitatu.

Jioni Konsolata alinipigia analia. Projestus alikuwa anasoma kwa siri ili aje ampeleke baba hospitali, maana visingizio vya Bumbire vilikuwa vimeanza kumsuta. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa karibu kupata madereva wawili, na kitenge changu kikawazuia wote.

Mvua hazikungoja miezi mitatu. Njia iliharibika, bodaboda wakakataa, tukakosa safari za hospitali, kidonda kikapanda. Mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari hakusema kama ni kwa sababu ya zile safari, nami sikumwuliza. Leonidas hajanilaumu hata siku moja, na mimi ningependa anilaumu.

Mtihani wa pili nilikaa kichwa wazi. Projestus naye alikaa, kwanza ameinamisha macho, kisha akayainua, nikamtazama mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Ana kovu dogo juu ya jicho, na alikuwa na sura ya mtu asiyelala. Tulifaulu wote, na sasa tunapokezana kumpeleka mzee, mimi taratibu sana, magari yote yananipita. Heshima niliyoilinda siku ile aliumia nayo Leonidas, na mbele ya jambo la uhai wa mtu sitajifunika tena, awepo mkwe, awepo nani.

Majina nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka, na majina huwa sikosei. Hesabu ndiyo hunipotea. Mimi nakumbuka tulikosa safari nne kabla mguu haujakatwa. Paskazia anasema ni tatu. Kama kuna jirani anayekumbuka pungufu ya hapo, namwomba anisahihishe.