Siku Niliyozima Taa za Ukumbi Runyenjes

Niseme tu mapema ndio mnicheke mmalize: siku hizi nikipata kazi upande wa Embu, nikikaribia Runyenjes najifunika leso na kugeuza uso mpaka tupite soko, kwa sababu kuna mama wa ndizi pale ambaye akiniona tu huita kwa sauti, "Makena, ulipata mama?" na watu wanaanguka kicheko, na siwezi kukana, maana sauti waliyoisikia siku ile ilikuwa yangu kweli.

Kazi yangu ni taa. Si za nyumbani (majirani zangu wa Majengo huniitanga niwatengenezee soketi, na soketi mimi naziogopa), ni taa za jukwaani: harusi, tamasha za kwaya, mikutano ya injili. Ukiona mwimbaji anaingia na mwangaza wa samawati unamfuata, ujue kuna mtu amekaa nyuma na laptopu, na huku kwetu mara nyingi mtu huyo ni mimi. Zile taa huongozwa na programu ambayo sikuinunua. Inatengenezwa na watu wa kujitolea walio pande zote za dunia, yeyote anaweza kuichukua bure, kuifungua aone ilivyoundwa, hata kuirekebisha, na wanaoitumia ndio wanaoibeba: mwenye pesa anachanga, mwenye ujuzi anaondoa makosa, mwenye lugha anatafsiri. Mimi nilikuwa wa lugha. Kiswahili kilicho kwa ile programu, kingi ni changu.

Sasa Pavel, yule mzungu aliyeianzisha, akatuandikia kwenye kundi letu la mtandaoni kwamba amechoka, kwamba anaifanya baada ya kazi yake ya mchana, michango imepungua, na mambo yakiendelea hivyo ataiacha. Jamani, niliogopa mpaka chakula kikanishinda. Programu za kulipiwa siziwezi, hata niuze mbuzi wote wa mama. Nikaanza kuona harusi zote nilizoahidi zikiniponyoka, nikaona kodi ya nyumba, nikajiona nimerudi kwa mama kijijini Kianjai kuuza viazi.

Nikampigia Njeru, rafiki yangu wa Runyenjes anayekodisha spika, mtu mtaratibu sana. Nikamwambia, "Tuitishe mchango kwenu siku ya soko. Tuite wanakwaya, wachungaji, ma-MC, wenye mahema, wote wanaokula kupitia taa hizi. Tuwaonyeshe kazi, halafu Pavel mwenyewe awasalimie moja kwa moja kutoka kwao, kwa simu ya vidio."

Njeru akakubali. Akatafuta ukumbi kando ya soko, akafunga spika mbili ndani na mbili nje juu ya mlango, zikiangalia soko, ili hata wauza mboga wasikie na waje. Mimi akanibandika maiki ndogo kwa kola. Na alipoona vile nimepanga vitu mezani, projekta ya kumwonyesha Pavel ukutani nimeichomeka kwa laptopu ile ile ya taa, akasimama.

"Makena, hiyo vidio usiiweke kwa laptopu ya taa, italemewa. Wacha nitume boda aniletee yangu nyumbani."

"Watu wamefika, Njeru. Itabeba."

Itabeba! Neno dogo hivyo, na ndilo lililonimaliza.

Ukumbi ulijaa. Mama yangu naye alikuwa ametoka Kianjai na nguo yake ya kanisa, kwa sababu miaka yote hajawahi kuona kazi yangu (huwaambia watu kwamba nafanya na watu wa stima), na tukamkalisha mstari wa mbele kabisa, karibu na beseni la mchango. Nikawasalimia watu, nikawaeleza kidogo, kidogo sana, maana nilitaka wajionee. Nikasema, "Nitazima taa. Kaeni kwa viti, mtu yeyote asisimame." Mapazia tulikuwa tumeshayafunga. Tukafunga na mlango. Giza likaingia, giza la ndani ya gunia. Nikawasha taa nyekundu pekee, nikabonyeza mashine ya moshi, ule moshi mweupe wa jukwaani usiochoma, na wanakwaya wakasema "oooh," nami nikafurahi kama mjinga. Ndipo nikamwingiza Pavel.

Mnajua Pavel ana ndevu mpaka kifuani. Na alikuwa amekaa gizani kwake, mwangaza wa kompyuta ukimpiga kutoka chini. Ule uso ukatokea ukutani, mkubwa kama lori, katikati ya moshi mwekundu, ukafungua mdomo kusalimia, na laptopu yangu ikalemewa pale pale. Uso ukaganda mdomo wazi. Sauti nayo ikaanza kujivuta, nzito, inatoka kwa spika zote, "Heeee... heeee..."

Mtu akapiga kelele, "Shetani!"

Mwingine, nyuma, kwa sababu ya moshi, "Moto! Moto!"

Sijawahi kusikia viti vikianguka vingi hivyo kwa pamoja. Nikabonyeza kitufe cha kurudisha taa nyeupe, hakijibu. Nikabonyeza vyote. Hakuna. Ile nyekundu ikabaki tu, na moshi unaendelea, na watu wote wanakimbilia mlango mmoja. Swichi ya taa za kawaida iko ukutani kando ya mlango huo huo, nikakimbilia huko, na ndipo nilipoelewa: ule mlango unafungukia ndani. Wa mbele wanavuta, wa nyuma wanasukuma. Nilisikia mwanamke akilia kwa Kiembu kwamba hapumui. Mbavu zangu zilibanwa ukutani na nikawaza, kwa utulivu wa ajabu, hapa watu watakufa na mimi ndiye niliyewaita.

Njeru alikuwa anapaza sauti, "Rudini hatua moja! Moja tu!" lakini nani anarudi? Mchungaji mmoja mwenye mwili ndiye aliyewatia mgongo watu na kuwasukuma nyuma, nafasi ikapatikana, mlango ukafunguka, na sote tukamwagika nje kwenye jua kama mahindi yanayotoka guniani. Nikahesabu nyuso. Wanakwaya wapo. Yule mama aliyekosa pumzi amekaa chini, anapumua. Wengi hawana viatu.

Mama yangu hayupo.

Hapo sasa sikuwa na akili. Nilianza kupiga mayowe, "Mama! Mama yangu! Ee Mungu, nimeua mama kwa programu ya bure!" na nikaendelea, kwa sababu hofu haina breki, "Mungu ukimtoa mzima nitarudi kanisani, sitamdanganya tena kwamba nimekula, nitaolewa, hata na yule mwalimu aliyenichagulia, nitaolewa kesho!" Nilishangaa kwamba kuna mtu huko juu anayarudia maneno yangu, nikadhani ni wazimu umeanza, mpaka nikaona soko lote limenyamaza, waendesha boda wamesimamisha pikipiki, mama wa ndizi ameshika kiuno, wote wananiangalia. Maiki ilikuwa bado kwa kola yangu. Spika zilikuwa juu ya kichwa changu.

Na hata hiyo aibu haikunifikia vizuri, kwa maana mwanaume mmoja alikuwa amenyoosha kidole: "Huyo ndiye anayechangia shetani pesa!" Watu wakaanza kunizunguka, na nyinyi mnajua mzunguko wa namna hiyo huku kwetu ukianza huwa unaishia wapi. Njeru akasimama mbele yangu, mikono ameitanua. Nikapita chini ya mkono wake nikarudi ndani.

Moshi ulikuwa unapungua. Mama alikuwa kwa kiti chake kile kile, mgongo umenyooka, amekumbatia beseni, macho ameyafumba kabisa na midomo inaomba. Nikamgusa, akaruka.

"Mama, mbona hukutoka?"

"Ulisema tukae kwa viti." Akafungua jicho moja. "Na watu wakikimbia lazima mtu abaki na sadaka." Halafu, bila kuliachilia beseni, akaniambia, "Mwalimu nitampigia leo. Nimekusikia."

Nikacheka na kulia. Watu walikuwa wamefika mlangoni wakichungulia, yule mwanaume wa kidole akiwa mbele, na wakati huo laptopu ikazinduka. Pavel akarudi ukutani, anasonga vizuri sasa, machozi yamelowesha ndevu, anauliza kwa Kiingereza kama tuko hai, tafadhali mtu amjibu, kuna aliyeumia? Aliuliza tena na tena. Mama wa ndizi (alikuwa ameingia kutazama maiti) akasema polepole, "Kumbe ni mtu. Na analia."

Tukafungua mapazia. Nikaeleza upya, jua likiwa ndani na mlango wazi, maneno ambayo ningepaswa kuyasema mwanzo: huyu ni binadamu, amechoka, kazi yake sisi tunaitumia bure na hakuna anayemwambia asante. Sitawadanganya kwamba beseni lilijaa. Wengine walichukua viatu vyao wakaenda bila kwaheri, na wana haki. Lakini kwaya kadhaa zilibaki, zikakubaliana kutuma kidogo kila mwezi, na mpaka sasa zinatuma. Pavel hajaiacha programu. Alichukua muda kuacha kuniuliza kuhusu mbavu zangu.

Mwalimu sikuolewa naye, mama hajanisamehe, hilo ni lingine. Lakini tangu siku ile, kabla sijafungua hata laptopu, hutembea ukumbi mzima kushika milango, moja moja, nione inafungukia wapi. Ikiwa inafungukia ndani, nawaambia wenye harusi waizuie kwa jiwe ibaki wazi, hata kama mwangaza wa nje utaniharibia rangi zangu zote. Wananinung'unikia. Wacha waninung'unikie. Kuzima taa zote za ukumbi wenye watu tena, mimi, hata nikiombwa na bibi harusi aliyepiga magoti, sitazima.